Foleni si haki mlangoni mwa chumba cha dharura

Wiki hii tena, hapa Bukavu, mama mmoja ameniambia kwa uchungu maneno ninayoyasikia karibu kila zamu: “Dada, nimefika tangu saa kumi na mbili, na huyu wa pikipiki anapita mbele yangu?” Mtoto wake alikuwa na homa, lakini alinyonya na kutazama huku na huku. Mtoto wa pikipiki, aliyeletwa kutoka Bagira saa tatu, alikuwa amelegea mgongoni mwa mama yake.

Dhana kwamba haki ni kumhudumia kwanza aliyetangulia kufika ndiyo inayonichosha kuliko zote. Foleni inafaa bombani, ambako anayengoja hupoteza muda tu. Kwetu, wauguzi wawili wakikabili benchi lililojaa, kungoja humgharimu mmoja subira na mwingine uhai. Ndiyo maana kila mtoto huchunguzwa mara afikapo, hata kabla ya kuandikiwa fishi: je, anapumua kwa shida, amepoteza fahamu, ana degedege, ameishiwa maji mwilini? Nikiukuta mkono wake baridi, huubonyeza ukucha, nikauachia na kuhesabu; rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, na mapigo yakiwa dhaifu na ya kasi, damu haimzunguki ipasavyo, na huyo haulizwi amefika saa ngapi. Kumweka nyuma ya mwenye mafua ni kumwadhibu kwa sababu kwao ni mbali na hospitali.

Wapo wanaoamini kwamba anayelia zaidi ndiye mgonjwa zaidi. Anayelia ana pumzi ya kulia. Ninayemhofia ni aliyenyamaza.

Wengine hudai mtoto wa mheshimiwa atangulie. Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, alikwisha kuagiza zaidi ya miaka 200 iliyopita kwamba majeruhi watibiwe kwa uzito wa majeraha, bila kujali vyeo.

Kuhusu oksijeni, kumgawia kila mtoto kidogo si usawa: mwenye kipimo cha oksijeni ya damu cha 96% haongezewi kitu, ilhali aliye chini ya 90% anaihitaji sasa hivi.

Na aliyeambiwa angoje hajasahauliwa, kwa kuwa hali hubadilika na sisi hurudi kumpima. Mama, mtoto akikataa ziwa, akitapika kila kitu au akiwa haamki, usikae kimya kwa kuheshimu foleni. Njoo unishike mkono, hata kama ninamhudumia mwingine.