Povu halifui nguo

Siku hizi ukisema mtu "katoa povu" unamaanisha kakasirika mitandaoni. Mimi nazungumzia povu la beseni. Kwa miaka michache sasa nakisaidia kikundi cha akina mama watengeneza sabuni huku Sahare, Tanga mjini. Wao wana mikono na soko, mimi nashika mizani, karatasi za litmasi na simu ya kusomea mapishi ya wageni. Haya ni baadhi ya mambo tuliyoyaamini, wao na mimi, mpaka yakatuumbua.

Dhana: Isiyotoa povu si sabuni

Hii ndiyo mama wa zote. Mteja anashika mche, anausugua kwenye maji, asipoona povu anaurudisha na kuondoka zake.

Ukweli ni kwamba kinachosafisha hakionekani. Kila chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Nilipomweleza hivyo bi mkubwa mmoja wa kikundi, akaniambia, "Mwanangu, si useme tu ni dalali." Tangu siku hiyo hatujatafuta neno jingine. Mikia ya madalali inajikita kwenye tone la mafuta lililoganda kwenye kola ya shati, vichwa vinabaki nje majini, na tone linang'oka na kusombwa. Povu ni hewa tu iliyozingirwa na madalali waliokimbilia juu. Sabuni za mashine za kufulia hutengenezwa makusudi zitoe povu kidogo, na nguo zinatakata.

Kuna jambo moja povu linaweza kukuambia, nalo ni habari za maji yako. Tanga ni nchi ya chokaa. Chokaa ndiyo iliyotupa mapango ya Amboni, na ndiyo inayolisha viwanda vya saruji. Maji ya bomba yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, ila ya visima vingi yamepita kwenye mawe hayo na kubeba kalisiamu na magnesiamu. Chukua glasi mbili, moja maji ya mvua, nyingine ya kisima. Tia kila moja vipande vilevile vya sabuni ya mche, ziba kwa kiganja, tikisa. Ya mvua itajaa povu hadi kiganjani. Ya kisima itageuka nyeupe kama tui lililokatika, na juu utaelea ule utando unaoganda kwenye kuta za beseni. Utando huo ni sabuni yako iliyoshikwa na kalisiamu, haiyeyuki tena wala haifui kitu. Mteja anailaumu sabuni, kumbe kisima ndicho kimeila.

Hapo ndipo mafuta ya nazi yanapojitofautisha. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, yenye mkia mfupi wa kaboni 12, wakati asidi ya palmitiki iliyojaa kwenye mawese ina kaboni 16. Mkia mfupi huyeyuka kwa urahisi zaidi, ndiyo maana sabuni ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, mahali ambapo nyingine zinaganda tu. Mabaharia wameijua siri hiyo muda mrefu.

Na kuongeza sabuni bila kipimo hakusaidii. Ukipita kiwango fulani, madalali wanaozidi hukusanyika vitonge ndani ya maji na hawapunguzi tena ukaidi wa maji kulowesha kitambaa. Kwa sodiamu laurili salfeti, mmoja wa madalali wa kiwandani, kwenye maji safi, kiwango hicho ni karibu gramu 2.4 kwa lita. Nguo chafu inahitaji akiba zaidi ya hapo, lakini si kopo zima.

Dhana: Sabuni ya maji ikiwa nzito ndiyo kali

Simama sokoni Mgandini uangalie wanunuzi. Mtu anapindua chupa, anatazama inavyoteremka. Ikiteremka kama asali, ananunua.

Samahani kuwaharibia watu biashara, lakini uzito huo kwa kawaida ni chumvi. Chumvi ya jikoni. Kwenye ndoo ya slesi, yule dalali wa kiwandani anayesafisha ndani ya sabuni ya maji, vitonge vya madalali ni vya duara na vichwa vyao vinasukumana. Chumvi inatuliza msukumano huo, vitonge vinarefuka kama minyoo, minyoo inasokotana, na sabuni inakuwa nzito bila kuongezewa hata tone la kitu kinachosafisha. Mjanja anaweza kuuza slesi kidogo, maji mengi na chumvi ya kutosha, nawe ukaondoka umefurahi.

Ila chumvi nayo ina mpaka. Tulikuwa na ndoo ya lita 20 iliyokuwa imekamilika, nzito vizuri, mwiko unasimama. Mwenzetu mmoja akaona bado, akatia kikombe kingine. Mbele ya macho yetu sabuni ikaanza kulegea. Akadhani hajakoroga sawasawa, akaongeza tena. Ikawa maji kabisa, kama mchuzi wa mgonjwa. Chumvi ikishazidi huwezi kuitoa. Tuliigawa ndoo ile kidogo kidogo kwenye mapishi mengine matatu yasiyotiwa chumvi, na jioni ile hakuna aliyezungumza sana.

Dhana: Sabuni ya asili haina kemikali

Lebo zetu za kwanza ziliandikwa hivyo, nami ndiye niliyezichapisha, kwa hiyo kosa nalibeba mwenyewe.

Hakuna sabuni ya mche bila kostiki, ile soda kali inayounguza. Mafuta hukutana na kostiki, vinaacha vitu viwili, sabuni na gliserini. Kama hesabu ni sahihi, kostiki yote inaliwa na haibaki. Kama si sahihi, inabaki na kula ngozi. Kila mafuta yana kipimo chake: kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji takribani gramu 183 za kostiki safi, kilo 1 ya mawese takribani gramu 141.

Msimu mmoja nazi zilipanda bei. Minazi ya pwani yetu imesumbuliwa sana na ugonjwa unaoangusha nazi changa na kuukata mti kichwa, na mafuta yakiadimika kikundi hutazama kwingine. Wakanunua mawese, wakapika kwa karatasi ileile ya nazi iliyokuwa imebandikwa ukutani. Piga hesabu: gramu 42 za kostiki zimebaki kwa kila kilo ya mafuta, hazina pa kwenda. Miche ilitoka mizuri, migumu, rangi ya maziwa. Aliyeijaribu kwanza ni mwenyekiti, akafulia asubuhi, na mchana vidole vilikuwa vimebabuka. Sabuni ileile "ya asili, isiyo na kemikali".

Sasa kuna karatasi mbili ukutani, za rangi tofauti, na kila pishi linaachiwa asilimia 5 ya mafuta ya ziada ili kostiki iishe kabla ya mafuta. Kabla ya kuuza, mtu analowesha mche na kuugusa kwa ncha ya ulimi. Ukichoma kama betri ya redio, unarudi stoo.

Ndugu wa dhana hii ni ile ya sabuni "yenye dawa". Septemba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambato 19 vya kuua vijidudu kwenye sabuni za kunawia za majumbani, triklosani ikiwemo, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Virusi vya korona vina koti la mafuta, na dalali wa kawaida anatosha kulichana.

Dhana: Mwani ndio unaosafisha kwenye sabuni ya mwani

Hapana. Mwani una karajinani, ambayo kazi yake ni kushika maji na kuleta ute. Sabuni inakuwa laini mkononi na inauzwa ghali kuliko mwani mkavu wa gunia, na kwa mama anayelima mwani hiyo ni sababu tosha ya kuutia. Kinachosafisha ni mafuta na kostiki, kama kwingine.

Dhana: Kitokacho shambani hakichafui, kitokacho kiwandani huchafua

Mkonge ulifika kwetu 1893, ulipoletwa kutoka Florida na Mjerumani Richard Hindorf. Safari ilikuwa ndefu, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani. Mashamba ya Tanga yakaota kutoka hapo. Wengi wanaona nyuzi na kudhani hiyo ndiyo mkonge, kumbe nyuzi ni kama asilimia 4 ya uzito wa jani. Kinachobaki ni maji na makapi.

Nenda ukasimame nyuma ya korona (ndiyo, mashine ya kuchakata mkonge ina jina hilo tangu zamani, kirusi kilidandia tu). Mfereji unatoka wa kijani, unanuka uchachu, na juu yake limetanda povu zito kama la beseni la kufulia. Hakuna aliyetia sabuni pale. Jani la mkonge lina saponini, nao ni madalali wa kuzaliwa, kichwa na mkia vilevile. Watu wa korona wanaujua mwasho wake mikononi. Maji hayo yakiingia mtoni, saponini huumiza samaki, na uchachu wa makapi unamaliza hewa ndani ya maji.

Upande wa pili, madalali wa kiwandani wana historia yao. Miaka ya 1950 mito ya Ulaya na Marekani ilijaa mapovu kama theluji, kwa sababu sabuni za unga za wakati ule zilikuwa na mikia yenye matawi ambayo bakteria hawakuweza kuitafuna. Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria 1961, na kufikia katikati ya muongo huo viwanda vilikuwa vinahamia mikia iliyonyooka. Asidi ya salfoniki, dalali mwingine wa sabuni ya maji anayetiwa kwenye ndoo zetu leo, kwa kawaida ni ya mkia ulionyooka. Ya kiwandani, na bakteria wanaila.

Kwa hiyo mimi nikisikia "uchumi endelevu" sitazami kama kitu kimetoka shambani. Natazama kinakwenda wapi kikishatumika. Huko Hale, Korogwe, makapi ya mkonge yaliwahi kuingizwa kwenye mtambo wa gesi ya kuzalisha umeme. Majimaji yaleyale ya jani yana hekojenini, ambayo wakemia huitumia kutengenezea dawa za jamii ya kotisoni. Asilimia 96 iliyokuwa ikitupwa ina kazi, ila lazima mtu aitafute, na alipwe kwa kuitafuta.

Dhana: Simu sasa inajua Kiswahili, mkalimani wa nini

Hapa ndipo nilipopata aibu kubwa kuliko ya lebo. Mapishi mengi ya sabuni yako kwa lugha za wageni, nami nikawa mvivu, nikaiachia programu ya kutafsiri. Kiswahili kikaja kimenyooka, hakina kosa la tahajia hata moja. Kwenye ziada ya mafuta ikaandika "unene wa kupindukia". Akina mama wakacheka mpaka wakafuta machozi. Palipotakiwa miche iachwe ikauke na kukomaa, ikaandika "tibu sabuni wiki nne". Mmoja akauliza, "Inaumwa nini?" Tukacheka tena.

Mstari wa tatu haukuchekesha. Uliandika umimine maji kwenye kostiki. Sivyo kabisa: kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, maana ikimwagiwa maji huchemka papo hapo na kuruka usoni. Maneno yote ya sentensi ile yalikuwa sahihi, yamekaa viti vya wenzao tu. Kama ingeandikwa kwa Kiswahili kibovu, ningeishtukia. Ilikuwa na povu zuri, ndiyo maana niliiamini.

Watu hudhani kompyuta na Kiswahili wamejuana juzi. Mfinlandi Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuufundisha mtambo wake, uitwao SALAMA, mwaka 1985. Alisaidiwa na njia aliyokuwa ameitunga Kimmo Koskenniemi wa hukohuko 1983, ya kuyachambua maneno kwa kanuni. Kiswahili kinaihitaji njia hiyo. "Hatutawafulia" ni neno moja, ila ndani yake mna ukanusho, mtendaji, wakati ujao, mtendewa, mzizi na kauli ya kutendea. Ukiupa mtambo kamusi peke yake hautalipata humo. Programu za leo hazifuati kanuni za aina hiyo, zinajifunza kutoka maandishi mengi mno, na kwenye maandishi hayo Kiswahili cha habari na siasa kimejaa kuliko cha mtu anayepika sabuni. Jikoni kwetu neno lipo siku zote: sabuni hulazwa. Hakuna aliyeliandika mahali ambapo mtambo ungelisoma.

Basi tukaandika wenyewe. Bi mkubwa alisema, mimi nikaandika kwa kalamu nene: "Maji ndani ya ndoo kwanza. Kostiki baadaye, kidogo kidogo. Usiiname juu ya ndoo. Ilaze sabuni wiki nne." Nikaipiga picha, na kwa utundu nikaipa programu ileile iirudishe kwa lugha ya wageni. Safari hii ndoo na kostiki ilivipata vizuri. Sabuni, ikasema, ipelekwe kitandani.