Kura 42 si watu 42: yanayosemwa kuhusu uchaguzi wa Liechtenstein

Februari 2021, uchaguzi wa bunge la Liechtenstein, nchi ndogo kati ya Uswisi na Austria, ulipomalizika, habari iliyovuma ilikuwa moja: kati ya vyama viwili vikubwa, VU kimekipita FBP kwa kura 42. Nchi yenyewe ina watu wapatao 40,000, wapiga kura kama 20,000, kwa hiyo wengi walichukulia kwamba ukoo mmoja mkubwa ungejitokeza kwa wingi, mambo yangegeuka.

Hata ukoo hauhitajiki. Wangetosha watu wawili.

Kosa ni kudhani kwamba mtu mmoja ana kura moja. Liechtenstein ina majimbo mawili tu ya uchaguzi: Oberland upande wa kusini lenye viti 15, na Unterland upande wa kaskazini lenye viti 10. Mpiga kura wa Oberland ana kura 15, wa Unterland ana 10. Kila chama kina karatasi yake yenye majina ya wagombea wake, na mtu anarudisha karatasi moja tu. Lakini kabla ya kuirudisha anaruhusiwa kuichezea kwa kalamu: anakata jina asilolipenda, anaandika jina la mgombea wa chama kingine wa jimbo lilelile, labda jirani yake au daktari wa mtaani. Kura hiyo moja inahamia chama cha huyo jirani, zilizobaki zinakaa pale pale. Sasa piga hesabu. Mkazi mmoja wa Oberland akihamisha karatasi nzima kutoka VU kwenda FBP, VU inapoteza 15 na FBP inapata 15, tofauti inasogea kwa 30. Wakihama wawili ni 60. Zile 42 zimeshamezwa.

Na picha ya foleni ndefu kituoni? Isahau. Karibu kila mtu hupiga kura kwa posta. Karatasi zinafika nyumbani, mtu anakaa nazo mezani siku kadhaa, anakata na kuandika, anatia kwenye bahasha. Mfumo huu wa kukata majina ungekuwa balaa kama kila mmoja angesimama kibandani huku watu mia wanamsubiri nje.

Watu huuliza pia nani aliingia ikulu na nani akaenda upinzani. Mwaka ule VU na FBP walipata viti 10 kila kimoja kati ya 25, kisha wakaunda serikali pamoja: mawaziri watatu wa VU akiwemo waziri mkuu Daniel Risch, wawili wa FBP. Serikali nzima ni watu watano. Vyama hivyo viwili vimekuwa vikitawala kwa mseto kwa sehemu kubwa ya wakati tangu 1938, kwa hiyo kinachogombewa hasa ni nani aketi kwenye kiti cha mbele. Vyama vidogo ndivyo vinavyoumia: bila asilimia 8 ya kura za nchi nzima hupati kiti. DU, kilichokuwa kimevuna viti 5 mwaka 2017, kiligawanyika, na 2021 kikatoka mikono mitupu.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni kwamba uchaguzi huu ni pambo tu kwa sababu mkuu wa nchi ni mwanamfalme. Kweli, ana nguvu kuliko wafalme wengi wa Ulaya. Sheria asiyoitia saini ndani ya miezi sita imekufa, na anaweza kulivunja bunge. Lakini nguvu hizo zimo katika katiba ambayo wananchi wenyewe waliipigia kura ya maoni mwaka 2003, wakaikubali. Mwaka 2012 waliulizwa kama wampunguzie kura ya turufu. Asilimia 76 wakasema hapana. Katiba hiyohiyo imeweka utaratibu wa wananchi kuufuta ufalme kwa kura wakitaka. Unaweza kulichukia chaguo lao, nami nina mashaka nalo, ila huwezi kusema hawakuulizwa.

Pale ambapo sifa za demokrasia hiyo zinapungua ni kwingine kabisa, na hapo wasifiaji hunyamaza. Wanawake wa Liechtenstein walipata haki ya kupiga kura za kitaifa mwaka 1984, nchi ya mwisho Ulaya, tena baada ya wanaume kuwakatalia mwaka 1971 na 1973. Hata mara ya tatu walipita kwa asilimia 51.3. Walipiga kura ya bunge kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Februari 2025 VU iliongoza tena, safari hii bila kuhesabiana kura moja moja, na mwezi Aprili Brigitte Haas akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo.