Mjamzito mwenye lupus ya figo aache dawa zote? Hapana

Kuna ile meseji haiishi kwenye magrupu ya akina mama huku Mwanza, Kirumba mpaka Igoma, eti mwenye lupus ya figo (ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia figo zake yenyewe) akishika mimba atupe dawa zote. Si kweli jamani. Watu wanachanganywa na mikofenoleti, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga, hiyo kweli inadhuru mtoto na inabadilishwa angalau wiki 6 kabla ya mimba, ila haidroksiklorokwini, dawa nyingine ya lupus, kwa kawaida inaendelea, maana ukiikata lupus inaweza kuamka. Hatari ipo, hasa presha ya mimba na mtoto njiti, ndo maana madaktari wanataka ugonjwa utulie kama miezi 6 kwanza. Kuhakiki si kazi, beba pakiti zako kliniki uulize dawa moja moja, upimwe presha na protini kwenye mkojo. Meseji hiyo usiiforwadi, na kama ulishaacha dawa sababu yake, wahi kliniki leo.