Kusoma umri wa kifungo cha sare ya jeshi la Uingereza

Mjuzi wa vitu vya kale akikwambia kifungo fulani ni cha kati ya 1855 na 1871, usidhani kuna mwaka uliopigwa chapa mahali. Haupo. Alichofanya ni kutafuta mipaka miwili: kabla ya lini kifungo hicho hakikuwapo, na baada ya lini kiliacha kutengenezwa.

Tuseme unacho mkononi kifungo cha askari wa kawaida, cha shaba ya manjano, chenye namba 24. Hiyo ni namba ya rejimenti, yaani kikosi kikubwa cha askari. Amri ya kuziweka namba kwenye vifungo ilitoka 1767. Ila kwa miaka mingi baadaye askari wa chini walivaa vifungo vya kijivu vya bati lililochanganywa na madini mengine, laini, vinavyopinda upesi. Vya shaba walipewa 1855. Ilipofika 1871 namba zikaondolewa kwenye vifungo vyao, wengi wakapewa kifungo cha aina moja chenye nembo ya kifalme: simba huku, farasi wa pembe moja kule. Chako basi kimebanwa katika miaka 16 tu. Kingekuwa cha afisa, kingeweza kusogea hadi 1881, mwaka ambao rejimenti zilivuliwa namba na kuitwa kwa majina ya maeneo zilikotoka.

Hicho cha nembo ndicho kinachosumbua, maana kilidumu miongo mingi. Tazama taji lake. Matao yakipanda mviringo kama kuba, mara nyingi ni la enzi za wafalme, 1901 hadi 1952. (Charles III amelirudisha, lakini hivyo vyake bado havijawa vya kale.) Yakibonyea katikati, ni la Victoria au la Elizabeth II, na hapo ndipo wengi hukosea.

Kigeuze. Kuzunguka kitanzi cha kushonea huwa pamechapwa jina la mtengenezaji kwa herufi ndogo mno, kama Firmin wa London au Gaunt wa Birmingham, pengine na mtaa wa duka. Kampuni zilihama na kubadili majina, kwa hiyo anwani nayo ina miaka yake. Tumia kioo cha kukuzia, wala usikisugue; herufi hizo hufutika.

Umri huo ni wa kifungo, si wa koti. Vifungo vizuri vilikatwa kwenye sare iliyochakaa vikashonwa kwenye nyingine.