Kile ambacho picha za Sara hazikuweza kuthibitisha

Kazi yangu ni kusoma vinasaba ili kujua nani ni ndugu wa nani. Ndiyo maana nikitazama filamu ya mtoto aliyefichwa asili yake, huwa nasubiri bahasha ya majibu kutoka maabara. Katika La historia oficial, filamu ya Argentina ya mwaka 1985 iliyoongozwa na Luis Puenzo, bahasha hiyo haiji. Mara ya kwanza niliudhika. Siku hizi naona filamu ingeharibika kama ingekuja.

Alicia, anayeigizwa na Norma Aleandro, anafundisha historia mjini Buenos Aires mwaka 1983, utawala wa kijeshi ulioingia 1976 ukiwa unaporomoka. Binti yake wa kulea, Gaby, ana miaka mitano. Mumewe ndiye aliyemleta mtoto, na Alicia hakuuliza. Kisha rafiki yake anarudi kutoka uhamishoni na kumweleza habari za wafungwa walionyang'anywa watoto wao wachanga. Mwalimu wa historia anaanza kupekua kumbukumbu za hospitali, na hatimaye anakaa meza moja na Sara, mama mtu mzima anayemtafuta mjukuu wake, mwenye picha chache za zamani za binti yake aliyetoweka.

Sura ya binti huyo na ya Gaby zinafanana. Alicia analia. Mimi hapo nashika kichwa, maana kufanana ni ushahidi dhaifu mno: mtu anayetafuta atauona uso anaoutaka. Sara mwenyewe hana hakika.

Je, kipimo kingesaidia? Kipimo cha kawaida cha uzazi humlinganisha mtoto na mzazi, na hawa wazazi walikuwa wameuawa. Mabibi wa Plaza de Mayo, kundi la wanawake wa Argentina waliokuwa wakiwatafuta wajukuu wao walioibwa na waliojiunga pamoja mwaka 1977, walizunguka nje ya nchi wakiwauliza wanasayansi swali moja: damu ya bibi yaweza kumtambulisha mjukuu? Mwanajenetikia wa Marekani, Mary-Claire King, alikuwa miongoni mwa waliolijibu. Mtoto hupata nusu ya vinasaba vyake kwa kila mzazi, hivyo kwa wastani robo hutoka kwa kila bibi na kila babu. Mwanzoni walilinganisha protini za chembe nyeupe za damu, wakakokotoa uwezekano wa undugu. Mwaka 1984 njia hiyo ilikuwa tayari inatumika.

Shida ni pale babu na bibi wengine wameshafariki. Hapo yakaja mitokondria, ambayo ndani ya seli ina vinasaba vyake yenyewe, na mtoto huvirithi kwa mama peke yake. Bibi mzaa mama na mjukuu wake huwa navyo vilevile, isipokuwa yatokee mabadiliko ya nadra. Bibi mmoja anatosha kuanzia, ingawa familia nyingine zenye asili moja ya kike zaweza kuwa na mfuatano huohuo. Kwa bibi mzaa baba njia hii haisaidii kitu.

Mwaka 1987 Argentina ilianzisha kwa sheria benki ya taifa ya data za vinasaba. Mabibi waliacha damu yao humo, wakijua huenda wajukuu wakajitokeza wao wakiwa wameshazikwa. Wajukuu zaidi ya 130 wameshatambuliwa, wengi wakiwa watu wazima.

Gaby tunamwacha kwenye kiti cha kubembea, akiimba wimbo wa watoto kuhusu nchi ya Sikumbuki.