Krishna Mtoto na Huduma Yake katika Njia ya Vallabha

Kati ya ibada zote za Bara Hindi ninazozisoma na kuzifundisha, hakuna inayonishangaza kama ile ya Krishna, mungu wa Wahindu, akiwa mtoto. Mja tumezoea kumwona akinyenyekea mbele ya Mola kama mtoto mbele ya mzazi, lakini hapa mja ndiye hushika nafasi ya mzazi, na Mungu ndiye anayeoshwa, anayevishwa, anayelishwa na kubembelezwa mpaka alale.

Msingi wa ibada hii umo katika kitabu cha kumi cha Bhagavata Purana, maandiko matakatifu ya Wahindu, kinachosimulia jinsi Krishna alivyolelewa miongoni mwa wachunga ng'ombe na mama mlezi wake, Yashoda. Kisa ninachokiona kuwa kiini cha yote ni kile cha kamba. Krishna amevunja chungu cha mtindi, ameiba siagi na kuwagawia nyani. Yashoda anamkamata na kutaka kumfunga kwenye kinu, lakini kamba inapungua vidole viwili. Anaunga nyingine, nayo inapungua vile vile, mpaka kamba za nyumba nzima zinakwisha, kwa sababu anayefungwa hana mwanzo wala mwisho. Hatimaye mtoto anamwona mama yake ametota jasho na maua ya nywele zake yameanguka, anamhurumia, na anakubali kufungwa. Kitabu chenyewe kinatamka kwamba neema aliyoipata mama huyu hawakuipata miungu wakuu Brahma na Shiva, wala hata mungu wa kike Lakshmi.

Vallabha (1479–1531), mwanachuoni wa ukoo wa Kibrahmani wa Kitelugu, ndiye aliyeanzisha Pushtimarg, yaani Njia ya Neema, ambamo huduma ya Krishna, hasa katika utoto wake, ndiyo kazi kuu ya muumini. Mwanawe Vitthalnath aliipanua huduma hiyo kwa muziki, mapambo na mapishi. Muumini hahudumu ili apate mvua, mali au mtoto, kwa kuwa huduma yenye ombi ndani yake huhesabiwa kuwa imepoteza maana. Nadhani wageni wengi wanaoona vito na vyakula vya mahekalu haya, wakadhani ni anasa tupu, hukosea kwa kutoijua kanuni hii.

Kituo kikuu cha njia hii ni Nathdwara, katika jimbo la Rajasthan. Huko yupo Shrinathji, umbo la jiwe jeusi la Krishna akiwa na umri wa miaka saba, mkono wa kushoto umeinuliwa kuubeba mlima Govardhana. Mwaka 1669, wakati wa utawala wa Aurangzeb, mfalme wa dola ya Mughal, umbo hilo liliondolewa Govardhana, karibu na mji wa Mathura, na mwaka 1672 likawekwa hapo Nathdwara, katika ufalme wa Mewar, chini ya ulinzi wa mfalme wake, Maharana Raj Singh. Jengo lake ni jumba la kuishi lenye nyua, maghala na majiko, kwa kuwa linahesabiwa kuwa nyumba ya Nanda, mume wa Yashoda.

Milango hufunguliwa kwa vipindi vinane vifupi kwa siku, kwa kufuata mahitaji ya mtoto. Alfajiri huamshwa, kisha huvishwa, kisha ni saa ya kwenda na ng'ombe malishoni. Mchana huandaliwa mlo mkubwa, naye hupumzika, na hakuna anayeruhusiwa kumsumbua. Alasiri huamshwa tena, hupewa chakula chepesi, jioni hupokewa akirudi kutoka malishoni, na usiku hulazwa. Kila saa ina nyimbo zake, nyingi zikiwa za washairi wanane wa njia hii, ambao Surdas ndiye mashuhuri kuliko wote. Majira nayo huzingatiwa kwa makini: wakati wa baridi huvishwa nguo zilizotiwa pamba na kuwekewa jiko la makaa karibu, na wakati wa joto huvishwa melimeli nyeupe, hupakwa liwa na kupambwa kwa maua.

Ibada hii ilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara. Wabhatia, jamii ya wafanyabiashara wa Kutch, magharibi mwa Bara Hindi, ambao wengi wao walikuwa wafuasi wa Vallabha, walifika Muscat na Zanzibar, ambako nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikodi haki ya kukusanya ushuru wa forodha kwa miaka mingi ya karne ya 19.

Lakini wengi humhudumia mtoto huyu nyumbani, kwa umbo dogo la shaba la mtoto anayetambaa, ameshika siagi au tamutamu mkononi. Huyu haachwi peke yake: familia ikisafiri, husafiri naye au humkabidhi kwa watu wanaoijua huduma yake. Chakula cha nyumba huonjwa na yeye kwanza, na ndiyo maana mpishi hathubutu kukionja kikiwa jikoni. Kinachobaki huliwa na familia kama baraka iliyotoka mkononi mwake.