Mama, huo si uvivu: maswali na majibu kuhusu ADHD kwa wanawake watu wazima

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa kliniki, mengi yakija dakika ya mwisho, mama akiwa ameshanyanyuka na mkoba begani. Nayajibu hapa ili mtu asisubiri mpaka ameumia.

ADHD ni kitu gani?

Ni hali ya ubongo inayoanza utotoni. Mwenye nayo hushindwa kuuongoza umakini wake, husahau kupita kiasi, huahirisha mambo, na pengine husema au kutenda kabla hajafikiri. Mara nyingi hutembea katika familia. Haiambukizwi, na haitokani na malezi mabaya.

Si ni tatizo la watoto wa kiume watukutu?

Mvulana anayeruka juu ya madawati anasumbua watu, kwa hiyo ndiye anayeletwa hospitali. Binti mwenye hali hiyohiyo amekaa kimya nyuma ya darasa, macho dirishani, na hakuna anayelalamika. Ripoti yake inaandikwa "ana uwezo, aongeze bidii" mwaka baada ya mwaka, na mzazi anasaini. Utukutu wake mara nyingi uko kichwani, kwenye mawazo yasiyotulia. Anakua nao, anaolewa nao, anazaa nao. Wengi hugundua pale mtoto wao anapopimwa, wakisikia maswali ya daktari wanaanza kujitambua wenyewe.

Kwa mwanamke mtu mzima inaonekanaje?

Pesa ya rejesho la kikoba anayo kwenye simu, lakini anapigwa faini kwa sababu siku imepita hajatuma. Umeme wa LUKU unakata na salio analo. Maharage yanaungua jikoni, mwenyewe yuko chumbani anapanga kabati. Aliingia kuchukua kitenge tu.

Namkumbuka fundi cherehani mmoja. Vitambaa vya wateja vilikuwa vimejaa mezani, vimekatwa, havijashonwa. Usiku wa kuamkia harusi anakaa kwenye mashine mpaka alfajiri, na nguo inatoka safi kabisa. Wateja wakamwona tapeli. Yeye mwenyewe hakuelewa kwa nini mkono haukuanza kazi mpaka moto uwake.

Lakini kila mtu husahau.

Kweli, na si kila msahaulifu ana ADHD. Tunatafuta dalili zilizoanza kabla ya miaka 12, zinazoonekana sehemu zaidi ya moja, tuseme nyumbani na kazini, na zinazovuruga maisha. Kama usahaulifu umeanza mwaka jana, baada ya msiba au baada ya kujifungua, tuangalie kwanza usingizi, sonona, upungufu wa damu na tezi ya shingo.

Mume wangu anasema ni uvivu tu. Atakuwa amekosea?

Amekosea. Mvivu hulala akashiba usingizi. Mwanamke ninayemzungumzia halali. Anahesabu alichoshindwa kufanya, anajiapiza kesho ataanza mapema, na kesho inakuwa ileile. Huo si uvivu.

Na nikijitahidi zaidi?

Umejitahidi miaka mingapi sasa? Umeshanunua daftari la kupanga siku, ukaliandika kurasa tatu za mwanzo, likapotea. Umeshaamka saa kumi alfajiri, umeshafunga, umeshalia. Kama bidii peke yake ingetosha, usingekuwa unasoma hapa. Si uvivu, na kukaa nyumbani ukijitukana si matibabu.

Somo wangu aliniambia mwanamke asiyejua kupanga nyumba hajafundwa.

Nawaheshimu masomo na makungwi, wana kazi yao. Hii si kazi yao. Hata ungefundwa mara saba, ubongo wako ungehitaji msaada uleule. Narudia kwa sababu nachoka kuona wanawake wa miaka 40 waliotukanwa tangu darasa la pili: si uvivu, si kiburi, si kukosa adabu. Nenda ukapimwe.

Nikichelewa kuna hasara gani? Mbona nimeishi hivi siku zote?

Umeishi, lakini kwa gharama. Wanawake wengi hufika kwetu wakiwa na sonona au wasiwasi uliopitiliza, wametibiwa hilo peke yake, wakapata nafuu nusu na kurudi palepale. Kuna ndoa zinazovunjika, kazi zinazopotea, madeni. Hatari ya kujidhuru nayo huwa kubwa zaidi. Ukianza kuwaza kufa, usingoje tarehe ya kliniki: nenda hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, na mtu akusindikize.

Duka la dawa wamenipa Diazepam ili kichwa kitulie. Inafaa?

Haifai. Haitibu ADHD, inakufanya uwe mzito na msahaulifu zaidi, na mwili unaizoea. Ukishaizoea, kuikatisha ghafla kunaweza kuleta mtetemeko, hata kifafa, kwa hiyo aliyeitumia muda mrefu apunguziwe na daktari. Usichanganye na pombe kamwe. Jirani anayekugawia vidonge vya ADHD vya mwanawe naye aache, na wewe usipokee. Huo si ukarimu.

Wengine wanasema nina jini.

Sina ugomvi na dua. Omba, kisha uje. Ninaogombana nao ni wanaomzungusha mtu kwa waganga miaka mitatu, akiuza mbuzi mpaka cherehani, ndipo wamlete.

Kwa nini inazidi siku chache kabla ya hedhi?

Homoni ya estrojeni ikishuka, wanawake wengi wenye ADHD huona umakini unashuka nayo. Hali kama hiyo huwakuta wengine baada ya kujifungua, na wengine wanapokaribia kukoma hedhi. Andika tarehe za siku mbaya kwa miezi miwili, kwenye kalenda ya ukutani. Zitamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Kuna kipimo cha damu?

Hakuna, wala picha ya kichwa haitaonyesha. Anayekuuzia kipimo hicho anakuibia. Uchunguzi ni mazungumzo marefu kuhusu utoto, shule, kazi na nyumbani. Ipo fomu fupi ya maswali 6 iliyoandaliwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, lakini fomu huchuja tu. Haitoi jibu la mwisho. Damu tunaweza kuipima ili kuondoa sababu nyingine.

Inatibika?

Haifutiki, ila inadhibitiwa, na wengi hupata nafuu kubwa. Dawa zipo. Methylphenidate huanza kufanya kazi siku ileile, atomoxetine huchukua wiki kadhaa. Zinaweza kupandisha presha na mapigo ya moyo na kupunguza hamu ya kula, ndiyo maana tunapima kabla ya kuanza na tunaendelea kupima. Kwetu Tanzania hazipatikani kila mahali, na hutolewa kwa cheti cha daktari. Kama una mimba, unapanga kubeba au unanyonyesha, sema mapema.

Ushauri wa kisaikolojia unaofundisha mbinu za kila siku nao husaidia. Na nyumbani usitegemee kumbukumbu: kengele ya simu kwa kila kitu, rejesho litumwe siku pesa inapoingia, funguo zining'inie mahali pamoja. Kazi ngumu uifanye mtu mwingine akiwa amekaa karibu nawe, hata kama anachambua mchele wake.

Niende wapi? Nikienda kliniki ya akili wataniita kichaa.

Wataongea wiki moja, kisha watapata habari nyingine. Anza hospitali ya wilaya au ya mkoa, uombe rufaa. Muhimbili ya Dar es Salaam, Mirembe ya Dodoma, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi wana huduma za afya ya akili. Kwa Kenya ipo hospitali ya Mathari, Nairobi.

Nibebe nini?

Ripoti za shule ya msingi kama mama yako alizitunza, na ndugu aliyekujua ukiwa mdogo, au namba yake ya simu. Beba pia dawa zote unazomeza, kwenye maganda yake, pamoja na zile za dukani ulizokuwa hutaki kuzitaja. Na weka kengele mbili za kukukumbusha siku hiyo, maana wengi hukosa miadi ya kwanza kwa kusahau. Ukikosa, njoo inayofuata, hatutakugombeza.